Karatasi Inapogeuzwa

Durban, 9 Februari 2025

Kaka yangu Josias,

Barua hii ikikukuta umekaa, kaa vizuri zaidi. Ikikukuta umesimama, tafuta kiti, maana ni ndefu. Sisi huku Cato Manor wazima, Bwana asifiwe. Mpwa wako Israël bado yuko bandarini, siku hizi anakagua makontena badala ya kuyapakia, na tangu apewe kazi ya kukaa amenenepa hata suruali za Krismasi hazimwingii. Habari za kuoa hataki kuzisikia. Mimi ni magoti tu. Kusuka watu tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni si mchezo, na miaka arobaini na saba si kumi na saba. Msalaba wa mama mmeupaka rangi? Na binti yako Yvette, lile duka la dawa linamlipa kwa wakati au bado wanamlipa kwa ahadi?

Barua nampa Dominiki, yule mfanyabiashara wa nywele za kusukia, kwa sababu anapanda na mzigo hadi Lubumbashi kisha anachukua ndege ya Kisangani, na kwa sababu wewe mwenyewe ulitukaririsha kwamba habari za mawe hazisemwi kwenye simu. Ndiyo, kaka. Ni habari za mawe.

Kanisani kwetu kuna Mrundi mmoja anaitwa Gaël. Zamani alikuwa akiuza vifuniko vya simu barabarani. Sasa anavaa suti na viatu vyenye ncha, anafanya kazi katika kampuni moja kule Umhlanga inayowauzia watu wa kawaida almasi za rangi, wazitunze kama mtu anavyotunza kiwanja. Anasema almasi nyeupe zimejaa duniani, lakini za pinki ni chache mno, na mgodi mkubwa wa Australia uliokuwa ukizitoa umekwisha kufungwa. Kwa hiyo bei itapanda tu, kushuka haiwezi. Belinda, anayesuka pembeni yangu, alinunua ndogo ya manjano mwaka jana, na tangu siku hiyo anatembea kama mwenye mtaa.

Mimi wamenitengea ya pinki, ukubwa wa punje ya mtama. Bei yake randi laki moja na sitini elfu. Kaka, hizo ninazo. Unajua zimetoka wapi: miaka tisa ya vichwa vya watu. Na unajua ni za nini: nitoke kwenye saluni ya Sonia, ambaye kila Ijumaa namlipa kodi ya kiti ninachokisimamia wala sikikalii, nifungue yangu. Gaël anasema nikiziweka kwenye jiwe miaka mitano, chumba cha saluni sitakipanga, nitakinunua.

Sikuombi ruhusa. Nakuomba unifundishe. Miaka ishirini na sita ulikaa kwenye meza ya kununulia almasi pale Kisangani, ukimchambulia patron, tajiri mwenye meza, mawe ya wachimbaji. Nifundishe kutazama. Nimepewa mpaka mwisho wa Agosti, na bado sijatia sahihi.

Mdogo wako,
Constance


Kisangani, 30 Machi 2025

Mama Israël,

Nilikuwa nimekaa, kwa hiyo barua yako haikuniangusha. Utaona mwandiko si wangu. Mkono wa kulia umeshikwa na baridi yabisi, hata kijiko nakiona kizito. Mimi nasema, Yvette anaandika akirudi kazini. Basi usilete maneno ya kunivunjia heshima, maana yatapita kinywani mwa mwanangu kwanza.

Sisi wazima. Msalaba wa mama tuliupaka nyeupe, mvua ikauosha siku hiyohiyo, tutaupaka tena. Kuku walikuwa saba, wamebaki watano, na mwizi ana miguu minne. Duka la dawa linalipa nusu kwa wakati na nusu kwa ahadi. Mwambie Israël kwamba mjomba wake alioa akiwa mwembamba, asingoje mpaka ashindwe kupita mlango wa kanisa.

Kuhusu mawe: nimeyaacha. Huu ni mwaka wa pili sikanyagi pale mezani. Sababu usiniulize, niulize habari za kuku. Pesa ya saluni iende saluni. Mchuma janga hula na wa kwao, na sisi wa kwako tumeshashiba ya kwetu.

Kaka yako,
Josias


Durban, 4 Mei 2025

Kaka,

Nimekuomba mkate, umenipa kuku watano. Pole kwa wawili waliokwenda. Pole pia kwa mkono. Nakutumia kwa Dominiki dawa ya kuchua, jipake asubuhi, usimpe jirani. Israël anakusalimu na anasema mlango wa kanisa letu ni mpana.

Nilikwenda Umhlanga. Teksi mbili, kisha lifti, kisha kochi jeupe ambalo niliogopa kulikalia na sketi yangu yenye mafuta ya nywele. Wakaniletea kahawa kwenye kikombe cha kuchezea watoto. Gaël akalitoa jiwe, akaliweka juu ya kitambaa cheusi, akawasha taa ndogo. Kaka, nililipenda. Sitakuficha. Maisha yangu yote kila kitu kizuri nilichotengeneza kimetoka mlangoni juu ya kichwa cha mtu mwingine, na baada ya wiki sita kinafumuliwa. Nikawaza: hiki hakifumuliwi. Nilirudi nyumbani nikakaa jikoni na koti langu mwilini mpaka Israël akaniuliza kama kuna msiba.

Wewe unasema umeyaacha mawe na nisiulize. Sawa, siulizi. Lakini nimekupigia simu ya video mara nne tangu Pasaka, na mara nne umekata. Hata hilo nisiulize?

Sikiliza. Usiponifundisha, nitakwenda bila mafunzo. Wanijua. Ukoo mzima ulipokaa kikao kuamua kwamba hakuna mwanamke wa kwenda Afrika Kusini na mtoto mgongoni, kikao kilipofika kwenye sala ya kufunga mimi nilikuwa nimeshafika mpakani Kasumbalesa.

Cheti cha jiwe kinasema rangi yake ni pinki kali. Mimi pinki ninazozijua ni za kucha. Ndani ya bahasha nimeweka karatasi ngumu, nimeipaka rangi sita za kucha, kila moja na namba yake. Niambie ipi inafanana na pinki kali ya kwenu. Hilo tu, kama mengine yanakuchoma.

Constance


Kisangani, 22 Juni 2025

Constance,

Salamu kwako na kwa mnene. Kuku ni watatu. Dawa ya kuchua inanuka kama lami, lakini asante. Yvette anaomba uendelee kumtumia picha za mitindo, ingawa mimi namwambia kichwa chake kinatosha kama kilivyo. Video nakata kwa sababu mtandao wetu mbovu. Usinipigie hivyo tena, tuandikiane.

Najua utakwenda. Nilikuwepo kwenye kile kikao, na mimi ndiye niliyekifunga kwa sala. Kwa hiyo nitasema mara moja.

Jiwe halitazamwi juu ya kitambaa cheusi. Kitambaa cheusi ni cha kuuzia. Omba karatasi nyeupe, ikunje katikati iwe kama mfereji, ulilaze jiwe humo kifudifudi. Usitumie taa yao. Taa ni ya muuzaji, jua ni la wote. Omba dirisha, na usichague lile linalopigwa na jua. Kwenu mwezi wa Agosti jua linapita kaskazini, basi kaa dirisha la kusini kabla ya saa sita. Lihemee kwa mdomo kama unayefuta miwani: ukungu ukitoka upesi, jiwe ni jiwe, ukikawia, ni kioo. Halafu ligeuze polepole. Pinki ya kweli inakaa tumboni, ya kupakwa inakaa ukingoni. Na ujue pinki na kahawia ni ndugu wa tumbo moja. Mwanga ukipungua kidogo tu, huyu anavaa shati la mwenzake. Hata mtu mwenye macho mazuri hukosea hapo.

[Hapa mistari mitatu imekatwa kwa kalamu.]

Karatasi yako ya rangi niliitazama mwenyewe dirishani, Yvette akiwa kazini. Jibu langu ni ya nne. Ya nne ndiyo pinki kali yenyewe, usimsikilize mtu.

Lakini yote hayo ni ya wanafunzi. La watu wazima ni moja. Pale mezani kwetu jiwe huja ndani ya karatasi iliyokunjwa. Mnunuzi akishatazama, akiwa na shaka na bei, habishani. Anaigeuza karatasi, mdomo wa karatasi, pale inapofunguka, umwelekee muuzaji, anaisukuma upande wa pili wa meza na kusema: "Sasa wewe ndiye mnunuzi." Hapo muuzaji ana njia mbili. Ataje bei ambayo yeye mwenyewe angelinunulia jiwe hilo, leo, kwa pesa za mfukoni mwake. Au aikunje karatasi aondoke. Ya tatu hakuna. Na aliyejibu kweli hagombezwi, hata jibu likiwa chungu. Nimewaona wazee wenye mitumbwi na majumba wakitokwa jasho mbele ya karatasi. Kila jiwe lina bei mbili, Constance, ya kukuuzia na ya kukununulia. Ya kwanza utaambiwa na kila mtu. Kamtafute atakayekuambia ya pili.

Ukishaigeuza, nyamaza. Hapo ndipo nahofia utashindwa.

Josias


Durban, 17 Agosti 2025

Kaka Josias,

Huku baridi inaisha, na maji yamekatika siku tatu; wateja tunawaosha kwa ndoo. Israël amepata mchumba, anaitwa Gloriose, anapika vizuri, kwa hiyo unene hauna tiba tena. Hayo ndiyo ya nyumbani. Sasa ya Umhlanga.

Jumanne Belinda alifuatana nami, amevaa kama anayekwenda harusini, ili anione nikishinda. Nikaomba karatasi nyeupe. Gaël akacheka: "Mama Constance, hapa si sokoni." Nikamwambia: "Nalijua, mwanangu. Leta karatasi tu." Akaitoa kwenye mashine. Nikaikunja, nikalilaza jiwe, nikahamia dirisha la kusini, nikalihemea. Ukungu ukatoka kabla sijafunga mdomo. Nikaligeuza upande huu na huu. Kaka, jiwe ni jiwe, na pinki yake iko tumboni. Cheti pia ni cha kweli, Israël alikuwa ameitafuta namba yake kwenye mtandao. Hakuna mwizi pale. Kalamu nilikuwa nimeshaishika.

"Si nilikuambia?" Belinda akasema. "Tia sahihi tuende kula."

Nikaiweka kalamu chini. Nikaigeuza karatasi, nikaisukuma.

"Gaël," nikasema, "sasa weye ndiye mununuzi. Tuseme jiwe ni yangu, niko nakuletea leo asubui. Unanipa ngapi?"

"Eish, mama. Hii kitu ni ya long term."

Nikanyamaza.

"Kisha miaka tano, pengine saba, bei itakuwa mbali sana..."

Nikanyamaza. Ulihofia nitashindwa! Nilijiuma ulimi mpaka nikaonja chumvi, lakini nilinyamaza. Gaël akamwita bosi wake, mzungu mpole mwenye tai. Bosi akasema kwa Kiingereza, Gaël akanitafsiria: kampuni inauza, kununua hainunui, siku nikitaka kuuza watanisaidia kumtafuta mtu. Lini? Inategemea. Kwa ngapi? Inategemea.

"Bosi iko bila bei," nikamwambia Gaël. "Na weye? Kwa mfuko yako?"

Gaël aliigusa karatasi kwa kidole. Kisha akasema kwa Kiswahili, taratibu, akimtabasamia bosi wake kana kwamba bado ananisifia jiwe: "Mama, mimi mwenyewe nilinunua moja. Mwezi wa nne bibi yangu alikuwa hospitali, nikatafuta kuiuza. Nilizunguka maduka yote ya town. Ile nilinunua one hundred thousand, walisema thirty. Ariko, lakini mama, usimwambie mutu ni mimi nilisema."

Nakuambia wewe kwa kuwa wewe si mtu, ni kaka yangu. Sikumgombeza. Nilikunja karatasi, nikamrudishia jiwe lake, nikamwombea mkewe. Teksi iliposimama kwenye robot, zile taa za barabarani, Belinda alinigeukia. "Na yangu je?" akauliza, kisha akalia mbele ya abiria wote. Nilimshika mkono. Tangu siku hiyo hanisemeshi, kama vile mimi ndiye niliyeishusha bei.

Pesa ninazo zote. Nimezitoa kwenye ndoto, nazipeleka kwenye saluni. Utafurahi kusikia kwamba ulisema kweli, lakini usifurahi sana, maana sasa nakuja kwako.

Ile karatasi ya rangi sita, tano ni pinki. Ya nne ni kijani. Kijani cha sombe, yale majani ya muhogo. Niliipaka kukuchokoza tu, nikingoja unitukane. Wewe ukaniandikia kwamba hiyo ndiyo pinki kali yenyewe, nisimsikilize mtu. Nilicheka mwenyewe pale saluni, kisha nikaacha kucheka. Nikazitoa barua zako zote. Mkono unaouma. Mtandao mbovu. Mistari mitatu iliyokatwa mara tu baada ya habari za macho mazuri.

Josias, huoni.

Nalia nikiandika, na nimekasirika pia, usidhani kimoja kinakifuta kingine. Yvette binti yangu, kama unasoma kwa sauti, usiache hapa. Endelea.

Kaka, naigeuza karatasi. Sasa wewe ndiye mnunuzi. Tuseme macho ni yangu. Mimi ndiye niliyekaa Kisangani kwenye ukungu, nikimdanganya mwanangu kwamba ni mkono. Wewe uko Durban, una pesa ambazo hazikununua jiwe. Utanitolea ngapi? Taja bei, au ikunje karatasi uondoke. Ya tatu hakuna, ulisema mwenyewe. Dominiki ana bahasha yako mfukoni, na nimemwapiza asikupe mpaka ujibu.

Nimenyamaza.

Constance


Kisangani, 5 Oktoba 2025

Constance,

Yvette alisoma mpaka kwenye kijani, akasita. Akasoma mpaka mwisho. Kisha akasema: "Baba, nilijua. Nilingoja useme mwenyewe." Siku tisa sikujibu. Dominiki alikuja kila asubuhi, akanywa chai yangu, akaondoka na bahasha mfukoni. Umempata wapi mtu mgumu hivyo?

Umeuliza ningetoa ngapi. Ningetoa nyumba, ungejua hilo bila karatasi. Lakini macho haya ni yangu, na nilikuwa na sababu ya kuyaacha yalivyo. Hii ndiyo habari niliyoianza, nikamwambia Yvette aikate ile mistari mitatu.

Wakati wa mvua mwaka juzi, Ezekieli alileta jiwe. Ni mchimbaji, tunaabudu naye. Ukungu wa macho ulikuwa umeshaanza. Nililitazama, nikalitazama tena, nikaona aibu kusema kwamba sioni vizuri, mimi fundi wa miaka ishirini na sita. Nikasema: kahawia. Patron akamlipa bei ya kahawia. Baada ya wiki tatu habari zikarudi kutoka Kinshasa kwamba lilikuwa pinki. Patron akanipigapiga bega, akaniita mtu wake. Alidhani nilisema uongo kwa faida yake. Kesho yake niliacha kazi nikasingizia mkono. Ezekieli analima mashamba ya watu sasa. Kila Jumapili ananiamkia, ananiita fundi. Mara zote nilisema moyoni: macho yaliyomla mtu, yaache yafe.

Sikuwahi kuyamaliza haya kwa yeyote. Yvette anaandika na machozi yake yanaharibu karatasi, mwambie anunue nyingine.

Basi nataja bei. Madaktari wa macho huja hospitali yetu Novemba, kuondoa ukungu wa jicho moja ni dola mia mbili. Nakubali. Sharti langu ni moja: yakifunguka, nitamwendea Ezekieli mwenyewe, wala usinizuie, wala usinitafutie maneno ya kunifariji.

Dominiki amenipa bahasha. Yvette ameihesabu, dola mia tano. Mimi nimezipapasa tu.

Josias


Durban, 26 Oktoba 2025

Fundi,

Naandika upesi, Dominiki anapakia kesho. Maneno ya kukufariji sina. Sitakuambia kwamba halikuwa kosa lako. Kutoona hakukuwa kosa. Kosa lako lilikuwa kunyamaza, na umelibeba kwa miaka miwili bila kunipa hata kipini nishike. Nenda kwa Ezekieli. Bei atakayotaja, iwe ya pesa au ya matusi, nusu yake ni yangu.

Nimepata chumba Queensburgh, karibu na kituo cha teksi. Nimepanga, sijanunua. Masinki mawili, kioo kirefu, viti vitatu. Cha kwanza ni changu, na nimekikalia. Juzi Belinda aliingia na mfuko wake wa vitana, hakunisalimu, akapanga vitana kwenye kiti cha pili, akafunga aproni. Nilimwashia feni.

Kwa salio la dola mia, mnunulie Yvette viatu. Kuku usinunue.

Dada yako,
Constance


Kisangani, 13 Desemba 2025

Constance,

Herufi ni kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza, nivumilie. Ni mkono wangu. Haukuwahi kuuma.

Jumanne wiki iliyopita walinifungua bandeji ya jicho la pili. Msalaba wa mama una kutu chini, nitaukwangua kabla ya Krismasi. Kuku wawili waliobaki nilidhani ni weusi, kumbe ni wachafu. Yvette anafanana na mama sasa, kila kitu, hata namna ya kuinua kidevu akikasirika, na hakuna mtu aliyeniambia. Nilimtazama mpaka akanifukuza jikoni.

Nimeitoa karatasi yako. Ya nne ni kijani. Kijani kibaya sana, sijui ni nani huyo anayepaka kitu kama hicho kwenye kucha. Pinki kali ni ya tano.

Patron amesikia. Amemtuma mtu kuniambia meza inaningoja Jumatatu. Nimemjibu kwamba Jumatatu nina shughuli, na Jumatatu zote zinazofuata.

Kesho ni Jumapili. Ezekieli hukaa benchi la tatu, karibu na dirisha. Nimekata karatasi nyeupe, nimeikunja mara tano kama kazini. Ndani hamna kitu. Tukitoka ibadani nitamketisha pale kwenye ngazi, nimwambie jiwe lake lilikuwa rangi gani, na kwamba mimi nilisema kahawia bila kuona. Kisha nitaiweka karatasi mbele yake, mdomo ukimwelekea yeye, na nitanyamaza mpaka ataje bei.

Josias